Viungo na mgongo vinauma na bado hujaambiwa ni ugonjwa gani? Anza hivi

Andika dalili zako kwenye simu kila siku. Ukiamka mgongo umekaza, andika umekaza dakika ngapi, maana ukipita nusu saa halafu unalegea ukitembea na kukaza tena ukitulia, hiyo mara nyingi ni uvimbe wa ndani ya viungo (inflamesheni) sio uchovu, na daktari wa viungo anataka kuijua. Kidole kizima kikivimba kipige picha hapohapo, siku ya kliniki kitakuwa kimenywea! Taja na shida za ngozi, macho, tumbo, hata ukiona havihusiani. Vipimo vikiwa negativu usikate tamaa jamani, RF na HLA-B27 (vipimo vya damu vya magonjwa haya ya viungo) zinaweza kuwa negativu na ugonjwa upo. Ila jicho jekundu linalouma, au ganzi sehemu za siri na mkojo kugoma, nenda hospitali siku hiyohiyo.