Simu inashika neti ila kompyuta haifungui saiti? Pita hapa kabla hujapigiwa window upya

Wadau habari za kazi. Mimi ni fundi kompyuta hapa Dar, na kesi inayonifuata kila wiki ni hii: "fundi, wifi imeshika, WhatsApp kwenye simu inaingia freshi, ila kompyuta nikifungua saiti yoyote inazunguka weee, mwisho naletewa kale kadainosa ka Chrome ka kukosa neti." Na wengi wanafika kwangu wakiwa wameshashauriwa na jirani kwamba hiyo ni ya kupiga window tu, yaani kufuta na kuweka Windows upya. Bana, usipige window. Unapoteza mafaili, unapoteza siku nzima, na mara nyingi ukimaliza tatizo linakusubiri palepale. Cha kufanya ni kuifuata neti njiani, kuanzia kwenye ruta mpaka kwenye brauza, uone imekatikia wapi.

Hatua ya 1: hakikisha simu haikudanganyi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Unasema simu inashika, kumbe inatumia data yake yenyewe, haina habari na wifi. Zima data kwenye simu, bakiza wifi tupu, halafu fungua saiti ambayo hujaifungua siku za karibuni, maana ile ya jana simu inaweza ikakuletea nakala iliyoihifadhi ukadhani neti ipo. Simu nayo ikigoma, iache kompyuta ipumzike, haina kosa. Angalia bando, usinicheke, bando likiisha wifi inaendelea kuonyesha vijiti vyote kwa sababu vile vijiti vinapima kati ya wewe na ruta tu, ng'ambo ya ruta havijui kitu. Bando likiwepo, chomoa ruta kwenye umeme, subiri kama dakika moja, rudisha, na uipe muda iwake vizuri.

Halafu kuna siku shida iko baharini kabisa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari huko kusini, neti ikayumba Afrika Mashariki yote, na bado kuna watu walifungua setingi za kompyuta zao wakaanza kubadilisha kila kitu, neti iliporudi kwa wenzao wao wakabaki hawana. Kabla hujagusa kitu, muulize jirani anayetumia mtandao mwingine kama yeye anapata.

Hatua ya 2: piga namba

Simu imefungua saiti kwa wifi ileile na kompyuta imegoma? Sasa tuingie kwenye mashine. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kinakuja kidirisha cheusi, usikiogope. Andika:

ping 8.8.8.8

Hiyo ni namba ya seva ya Google, na ping ni kama kuibishia hodi uone kama itajibu. Ukiona mistari inayoanza na "Reply from 8.8.8.8" na mwisho kuna ms na TTL, tulia, neti inafika kwenye kompyuta yako, nenda moja kwa moja hatua ya 3. Ukiona "Request timed out" jaribu na 1.1.1.1 kabla hujakata tamaa, kuna mitandao inaziba ping. Zote zikigoma, andika ipconfig, tafuta mstari wa "IPv4 Address". Kawaida utaona 192.168 na namba zingine mbele. Ukiona imeanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwa ruta ikanyimwa, ikajipachika yenyewe ya kubuni, na kwa anwani hiyo haiendi popote. Tenganisha wifi, sahau ule mtandao kabisa, ingia upya na paswedi. Kama unatumia waya, angalia kile kilimi cha plastiki kwenye kichwa cha waya, kikivunjika waya unakaa kama umeingia kumbe unaning'inia. Hiyo nimekutana nayo sana maofisini, mtu anasogeza meza kufagia na neti inaondoka nayo.

Hatua ya 3: piga jina

Andika sasa ping google.com. Kama namba ilijibu ila jina linakuambia "could not find host", umemkamata mchawi, ni DNS. DNS ichukulie kama mjumbe wa nyumba kumi: wewe unamtajia jina la mtu, yeye anakuonyesha nyumba. Mjumbe akisafiri, watu wote wapo majumbani kwao ila wewe mgeni humpati hata mmoja. Kwenye Chrome utaona maneno kama DNS_PROBE_FINISHED.

Dawa yake: Windows na R tena, andika ncpa.cpl, kliki kulia kwenye wifi yako, Properties, shuka mpaka Internet Protocol Version 4, kliki mara mbili. Sehemu ya juu ya IP iache ijipange yenyewe, USIIGUSE, wewe nenda ya chini ya DNS, weka 8.8.8.8 halafu 1.1.1.1, kubali. Rudi kwenye kidirisha cheusi uandike ipconfig /flushdns ili isahau majibu mabovu iliyokuwa imeyakariri. Fungua saiti.

Hatua ya 4: angalia saa, tena angalia na mwaka

Hii naomba niikalie kidogo. Kuna mama mmoja alinikuta ofisini amepakata CPU ya mezani kwenye bodaboda, mwanawe anaitumia kuandikia ripoti za chuo. Namba zinajibu, majina yanajibu, ila kila saiti inaandika "Your connection is not private". Alishaambiwa kuna virusi. Nikatupia jicho pale chini kulia mwa skrini, mashine inasema ni Januari 2009. Nikamwambia mama, kompyuta yako haiumwi, imelala tu miaka yote hiyo.

Iko hivi, karibu kila saiti siku hizi ni https, na ina cheti cha kuthibitisha kuwa ni yenyewe, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, vingine vinaishi siku 90 tu. Kompyuta ikiamini tupo 2009 inaona cheti hakijaanza kazi, kwa hiyo inakataa saiti ikidhani ni tapeli. WhatsApp ya kwenye simu haisumbuki kwa sababu simu inachukua saa kutoka kwenye mtandao.

Rekebisha tarehe kwa mkono kwanza, halafu ndio ubonyeze "Sync now" kwenye setingi za Date & time. Kwenye majira chagua Nairobi, UTC+03:00, usiitafute Dar mle, haipo, meza tu.

Ila kama saa inarudi nyuma kila ukizima, au mashine ikiwaka inakudai ubonyeze F1, betri ya mazabodi imekufa. Ni ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, fungua mfuniko, pembeni ya betri kuna kichuma kidogo, kisukume kwa ukucha, betri inaruka yenyewe. Mpya iingie upande wa jumlisha ukiangalia juu. Bei yake haifiki sahani ya chipsi kuku. Mama alisimama akaniangalia nikibadilisha, akauliza, "Mwanangu, ndio hiyo tu?" Ndio hiyo tu mama.

Hatua ya 5: proksi iliyosahaulika

Hii inawakuta waliowahi kuweka VPN za bure au programu za kukraki. Dalili yake ping zote zinajibu, hata za majina, ila brauza zote zimekufa, na pengine unaona ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Ile programu ilielekeza neti yako ipite kwake, ukaifuta, yeye akaondoka na maelekezo yakabaki. Nenda Settings, Network & internet, Proxy, zima "Use a proxy server". Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilimnunulisha mteja ruta mpya kwa shida hii, ruta ya zamani ilikuwa nzima kabisa, nikagundua usiku nimeshalala. Nilimrudishia hela ya ufundi.

Hatua ya 6: brauza

Hapa ni haraka. Ikigoma saiti moja tu, jaribu Ctrl+Shift+N kwenye Chrome, linakuja dirisha la siri (Incognito), ikifunguka humo, vidude ulivyoongeza kwenye brauza ndio vinazuia, au futa kumbukumbu kwa Ctrl+Shift+Delete. Kama bado uko Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109, waliacha 2023, usitegemee maajabu. Weka Firefox 115 ESR, ina orodha yake ya vyeti haitegemei ya Windows, kuna saiti nyingi zitafufuka.

Yote yakigoma, fungua cmd kama administrator, andika netsh winsock reset, kisha netsh int ip reset, hizo zinarudisha mipangilio ya neti mwanzo, halafu uzime na kuwasha. Na kama hapo napo kimya, lete mashine, ila njoo na majibu ya ping umeyaandika kwenye karatasi, na tafadhali, laptop njoo nayo pamoja na chaja.