Mzio wa chakula: namna ya kukadiria shambulio lijalo litakuwa kali kiasi gani

Karatasi ya maabara inayoonyesha IgE (kingamwili ya mzio kwenye damu) ya karanga ni 40 haithibitishi kwamba mtoto huyo atazidiwa kuliko mwenye 4. Kipimo cha damu, na kile cha kuchoma ngozi, hueleza uwezekano wa mtu kuwa na mzio. Mtoto ambaye ngozi yake imeumuka milimita 8 au zaidi kwa karanga karibu hakika ana mzio wake. Ila akila, atatoka vipele tu au atabanwa pumzi? Hilo milimita hazisemi.

Hata hivyo kukadiria kunawezekana, kwa kukusanya mambo ambayo maabara haiyaoni. Mengi yake familia inayajua kuliko daktari.

Anza na historia, pamoja na kiasi

Kwa kila tukio andika: chakula gani, kiasi gani, kilipikwaje, dakika ngapi hadi dalili ya kwanza, dalili zilifuatanaje, dawa gani ilitumika. Kiasi ndicho husahaulika, nacho hubadili maana yote. Karanga moja ina takriban robo gramu ya protini. Aliyebanwa kifua kwa sababu tu mwiko wa mchicha wa karanga ulitumika kukoroga mchuzi wake ana hatari kubwa kuliko aliyevimba midomo baada ya kumaliza kashata nzima. Uji wa lishe uulizie kila kilichosagwa humo: mara nyingi kuna karanga na soya, na wengine huchanganya dagaa.

Mtego mkubwa uko hapa: "mara zote hutoka vipele tu." Wengi waliokufa kwa mzio wa chakula hawakuwahi kupata shambulio kali kabla ya siku hiyo. Historia ya ukali huongeza hofu kwa haki. Historia ya wepesi haiondoi hatari.

Pumu

Kama una nafasi ya kuuliza jambo moja tu, uliza hili. Je, anakohoa usiku? Anatumia inhela ya salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa wiki? Anashindwa kukimbia na wenzake? Jibu moja la ndiyo linatosha kushuku kwamba pumu haijadhibitiwa, na pumu ya namna hiyo hutajwa tena na tena kwenye vifo vya mzio wa chakula. Njia za hewa zilizokwisha kuvimba hazina nafasi ya kuvimba tena. Salbutamoli hufungua njia kwa muda. Kinachotuliza uvimbe ni inhela ya steroidi inayotumika kila siku, hata siku anazojisikia mzima. Hili ni jambo linalorekebishika, kwa hiyo lirekebishwe kabla ya kuhangaika na vipimo vipya.

Siku yenyewe ikoje?

Mtu yule yule, chakula kile kile, siku mbili tofauti: matokeo hutofautiana. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2019 kwa watu wazima wenye mzio wa karanga ulionyesha kwamba mazoezi, au kukosa usingizi, kila kimoja kilipunguza kwa takriban asilimia 45 kiasi cha karanga kilichotosha kuamsha mzio. Pombe, homa, aspirini na ibuprofeni nazo huchochea. Wapo wanaokula chapati kila siku bila shida, lakini wakikimbia ndani ya saa chache baada ya kula, mwili huwashwa na wengine huzimia. Ndiyo maana tukio lisiloeleweka liulizwe: alilala saa ngapi, alikunywa nini, alimeza dawa gani, alikuwa akicheza mpira?

Umri na dawa nyingine huingia pia. Vijana balehe na wenye miaka ya ishirini ndio kundi lenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa mzio wa chakula. Kwa wazee, dawa za presha kama atenololi na propranololi zinaweza kudhoofisha kazi ya adrenalini, dawa ya kwanza ya shambulio kali. Zisiachwe bila daktari, ila daktari ajue kuhusu mzio.

Jaribio la kula chakula hospitalini hupima kiasi kinachoamsha mzio. Kwa kuwa husimamishwa dalili za wazi zikitokea, halionyeshi shambulio lingefika wapi.

Makadirio yawe mpango

Hata aliyekadiriwa kuwa na hatari ndogo anahitaji mpango ulioandikwa. Adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita 1 hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati: mililita 0.01 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 anapata 0.1, wa kilo 20 anapata 0.2, mtu mzima 0.5. Sindano za kujidunga zilizo tayari ni ghali na hazipatikani kirahisi kwetu, hivyo daktari anaweza kufundisha familia kutumia ampuli (kichupa cha dawa cha kuvunjwa) na bomba la mililita 1. Bomba la insulini lisitumike: sindano yake fupi haifiki kwenye msuli, na alama zake za yuniti huleta makosa ya dozi.

Dunga mara moja ukiona sauti ikikwaruza, kikohozi kisichokoma, mlio kifuani au kulegea ghafla. Kutapika mfululizo baada ya kula chakula chenye mzio nako kuhesabiwe. Usisubiri vipele: asilimia 10 hadi 20 ya mashambulio makali hayana dalili za ngozini. Piriton hutuliza muwasho. Haifungui koo wala haipandishi presha. Mlaze, miguu juu. Anayehema kwa shida akae. Asisimamishwe ghafla, kwani moyo unaweza kusimama. Asipopata nafuu ndani ya dakika 5, rudia dozi wakati mkielekea hospitali, na abaki huko saa kadhaa, maana wimbi la pili la dalili hutokea.

Ampuli zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, mbali na mwanga, kamwe zisiachwe kwenye gari. Mtoto akiongezeka uzito, dozi iandikwe upya, na nakala ipelekwe shuleni.