Kuomba rekodi ya jinai isimamishwe nchini Kanada

Watu bado husema "naomba msamaha", lakini tangu Machi 2012 sheria ya Kanada inauita kusimamishwa kwa rekodi. Anayeutoa ni Bodi ya Parole, chombo ambacho pia huamua wafungwa gani waachiliwe kabla ya muda. Wakili si lazima, na wakala anayekuahidi foleni fupi anakuuzia hewa.

Kwanza hesabu miaka. Kwa kosa lililotendwa tangu 13 Machi 2012, utasubiri miaka 5 kama ulishtakiwa kwa njia fupi (ya makosa madogo), 10 kama lilikuwa shtaka zito. Hesabu haianzi siku ya hukumu wala ya kutoka gerezani. Inaanza ulipomaliza kila kitu: kifungo, uangalizi, fidia, faini, hata tozo ya waathiriwa inayopachikwa juu ya faini. Hiyo tozo ndiyo huangusha wengi. Umelipa faini ya dola 500, dola 150 za tozo zimelala kwenye vitabu vya mahakama miaka minane. Ukizilipa leo, unaanza kuhesabu leo. Ulizia deni mahakamani kabla ya kugharimia kingine chochote.

Kisha nyaraka, kwa mpangilio huu. Chukuliwa alama za vidole ili RCMP, polisi wa shirikisho, wakupe rekodi iliyothibitishwa. Ipeleke kwenye mahakama iliyokuhukumu, pamoja na fomu ya taarifa ili mahakama iijaze. Ukaguzi wa rekodi zako kwa polisi wa mtaani uje mwisho: kila mahali ulipoishi miezi 3 au zaidi katika miaka 5 iliyopita. Fomu ya polisi hao hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo ukianza nayo itakufia mkononi ukingali unasubiri rekodi. Andika majina yote uliyowahi kutumia, hata kama tofauti ni mpangilio tu.

Ada ya Bodi ilishushwa mwaka 2022 kutoka dola 657.77 hadi 50, na hurekebishwa, hivyo hakiki kiasi cha sasa. Polisi na mahakama hutoza zao kando. Aliyepatikana na hatia ya kumiliki bangi kwa matumizi yake tu halipi ada hii wala hasubiri miaka.

Waliotenda makosa ya ngono dhidi ya watoto kwa kawaida hawaruhusiwi kuomba.

Ukikubaliwa, rekodi hutengwa, haifutwi. Ukipatikana na hatia tena yaweza kurudishwa. Na Marekani haifungwi na uamuzi huo: kama maafisa wao walishaiona rekodi yako, wanayo.