Unataka kuhamia Ujerumani na kazi ya IT? Anza na karatasi ukiwa bado Nairobi

Kwanza tutoe hii ya laki mbili na nusu. Septemba 2024 Ruto alikuwa Berlin na Scholz, kansela wao wa wakati huo, yakasainiwa makubaliano ya Wakenya kwenda kufanya kazi Ujerumani, na muda si muda kila mtu kwa matatu alikuwa anasema Ujerumani inataka Wakenya 250,000, mpaka serikali ya huko ikatoka ikasema hakuna namba yoyote imeandikwa mle ndani. Kwa hivyo ejenti akikwambia nafasi yako iko kwa hizo laki mbili na nusu, leta elfu themanini ya kufungua faili, muage polepole uende zako. Hakuna nafasi ya kununua, kuna sheria, na maombi unajitumia mwenyewe.

Marekani mimi sikujisumbua, viza ya H-1B ni bahati nasibu ya watu 85,000 kwa mwaka, na tangu Septemba 2025 wakaongeza ada ya dola laki moja kwa maombi mapya ya watu walio nje, sasa ni mwajiri gani atanilipia hiyo.

Viza ya kazi ya Ujerumani unayotaka inaitwa Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya. Lazima uwe na ofa ya kazi ya angalau miezi sita na mshahara ufike kiwango. Mwaka wa 2025 kiwango cha watu wa IT kilikuwa yuro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya makato, na kinabadilishwa kila Januari, so angalia cha mwaka unaotuma. Ukiofiwa 42,000 rudi uwaambie waongeze, usione haya, HR wao anaijua hiyo hesabu vizuri sana. Na usipige hesabu ya kununua ploti Kitengela na hiyo hela yote, ukiwa singo ushuru na bima zinabeba kama theluthi hivi.

Kama una digrii, ingia saiti ya Anabin, ndo Wajerumani wanaorodhesha vyuo na digrii za nje, tafuta chuo chako chini ya Kenya. Chuo kiwe na alama ya H+, yaani wanakitambua, na digrii yenyewe ionyeshe inalingana na ya kwao, halafu uprinti kurasa zote mbili. Ikikosekana unaandikia ofisi yao inaitwa ZAB wakutathminie, yuro 208. Angalia pia majina. Sisi wengi cheti cha KCSE kina majina matatu, pasipoti ina mawili, digrii imegeuza la baba likatangulia, na mtu wa ubalozi hajui hayo mambo yetu. Kaapishe afidaviti kwa wakili mapema.

Kama huna digrii, hapa ndo pazuri. Tangu Novemba 2023 mtu wa IT anaeza kupata hiyo kadi kwa uzoefu tu, miaka mitatu ndani ya saba iliyopita, kazi yenyewe ikiwa ya kiwango cha mtu wa chuo. Lakini uzoefu ni ule umeandikwa, na hapa ndo mimi nilikwama. Bosi wangu wa zamani alinipa barua ya mistari mitatu, eti nilikuwa mfanyakazi mwaminifu na ananitakia kila la heri, basi. Faili ikarudi, wanataka kujua nilifanya nini. Narudi kwa ofisi nakuta wamehama, bosi naye haishiki simu, nikaishia kuandika ile barua mwenyewe nikamvizia kwa kibanda cha nyama Jumamosi aisaini na mkono una mafuta. Miezi miwili ikaenda hivo hivo.

Barua iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo, kama ilikuwa kazi ya siku nzima, na uliunda nini hasa kwa lugha gani. Sio "alisaidia kitengo cha kompyuta", hapana, andika mfumo wa malipo ulioujenga na ulivyoutunza. Letterhead, sahihi, namba ya mtu anayeshika simu. Pembeni weka fomu zako za ushuru za P9 na stetimenti ya pensheni ya NSSF, kwa sababu hizo hazihitaji kumvizia mtu. Wa vibarua vya mtandaoni mweke mikataba na invoisi tangu leo, skrinshoti za M-Pesa haziongei sana.

Sasa Kijerumani. Viza hii haikuulizi Kijerumani ndo maana watu wanakipuuza, halafu kinawashika mbele. Kibali cha kukaa daima, wao wanakiita Niederlassungserlaubnis, neno refu kuliko jam ya Thika Road, unakipata baada ya miezi 27 ya kazi na michango ya pensheni ukiwa na A1, kile kiwango cha kwanza kabisa cha lugha. Ukiwa na B1, kiwango cha tatu, ni miezi 21. Binamu yangu alisema atasoma akifika, ofisi yao wote wanaongea Kiingereza, kazi inaisha jioni na baridi iko nje, mwaka wa pili bado anaagiza mkate kwa kidole. Goethe, wale wanaofundisha Kijerumani, wako Maendeleo House pale Monrovia Street, piga A1 na A2 ukiwa hapa, B1 umalizie huko.

Maombi yanatumwa kwa potali yao ya ubalozi mtandaoni, ndo unaitwa ubalozini Riverside kupeleka vidole na karatasi halisi. Ada ni yuro 75. Mwajiri lazima ajaze fomu yao ya kueleza ajira, mkumbushe. Akiwa na haraka kweli anaeza kulipia njia ya mkato ya kisheria upande wake, yuro 411, omba bila aibu.

Ile Chancenkarte ya kwenda kutafuta kazi ukiwa huko ipo, ila kama huna kazi ndogo huko ya kukushikilia, 2025 walitaka yuro 1,091 za kila mwezi zimekaa kwa akaunti iliyozuiwa, ile wanaita blocked account, mwaka mzima hiyo ni karibu milioni mbili za hapa. Mimi ningetafuta kazi nikiwa Roysambu nalala kwangu.

Ukifika jiandikishe mtaa unaokaa ndani ya wiki mbili, na ukibadilisha kazi kabla ya miezi 12 ambia ofisi ya wageni kwanza.

Mke ama mume anakuja na wewe bila kuulizwa Kijerumani na anaruhusiwa kufanya kazi mara moja. Lakini ni wa cheti cha ndoa, sio wa kukaa tu pamoja hata kama wazee walikunywa soda. Kama bado, notisi ya ndoa pale Sheria House inakaa siku 21, zihesabu kabla hujakata tiketi.