Ukungu wa fokasi hauonekani kwenye Blender? Pima mandhari kwanza

Umewasha Depth of Field (ukungu wa fokasi) kwenye kamera ya Blender, programu ya kuunda picha za 3D, umeshusha F-Stop (namba ya tundu la lenzi) hadi 2.8, na picha bado ni kali kila mahali. Usikimbilie kuishusha zaidi. Cycles, injini ya Blender ya kutengeneza picha, hukokotoa tundu kama la lenzi halisi: urefu wa fokasi gawa kwa F-Stop. Lenzi ya mm 50 kwa 2.8 ina tundu la takriban mm 18. Kikombe cha sentimita 10 kikipigwa kwa karibu, ukungu unajaa nyuma yake. Kikombe hichohicho ukikiunda kwa kimo cha mita 1, na kila kitu kikakua nacho, ukungu unapungua mara kumi. Kuurudisha itabidi uandike 0.28, namba ambayo mpiga picha yeyote ataicheka. Afadhali urekebishe vipimo.

Fokasi nayo, usiifunge kwenye modeli moja kwa moja. Blender hupima hadi kitovu (Origin) cha modeli, na cha mtu mara nyingi kiko miguuni. Kamera ikimtazama kutoka juu, viatu vinakuwa vikali, uso unafifia. Weka Empty (kitu tupu kisichoonekana kwenye picha) kwenye jicho lililo karibu na kamera, uichague hiyo.

Kutia ukungu baadaye kwa ramani ya kina, yaani picha ya umbali wa kila kitu kutoka kwenye kamera, ni haraka, ila kingo za nywele huchafuka, na kioo cha ukutani hupimwa pale kilipo, si kwa umbali wa taswira iliyomo. Ukirenda (kutengeneza picha) ukungu ukiwa tayari kwenye kamera, chengachenga hujaa sehemu zilizofifia, basi ongeza sampuli (idadi ya miale kwa kila pikseli).