Namna ya Kuhakiki Kanuni ya Fizikia kwa Vizio vya Msingi

Wanafunzi wengi hukariri vizio saba vya msingi vya kupimia kama orodha ya majina, wakajibu swali moja la mtihani, wakaishia hapo. Huko ni kuvionea, kwa sababu anayejua kuvitumia anaweza kuitambua kanuni aliyoikosea hata kabla ya kuanza kukokotoa.

Vizio hivyo ni meta kwa urefu, kilogramu kwa tungamo, sekunde kwa muda, ampea kwa mkondo wa umeme, kelvini kwa halijoto, moli kwa kiasi cha dutu na kandela kwa ukali wa mwanga. Katika maswali ya mwendo na kani, vitatu vya kwanza vinatosha. Kumbuka kwamba kizio cha msingi ni kilogramu, si gramu, kwa hiyo gramu zote zigeuzwe kwanza. Kumbuka pia kwamba kilo za sokoni hazitaji uzito kwa maana ya fizikia: mzigo wenye tungamo la kilo 50 una uzito wa takriban nyutoni 490, kwa kuwa uzito ni kani.

Anza kwa kuvunja kila kizio changamano kwa kufuata maana ya kiasi chenyewe, bila kuruka hatua. Kani ni tungamo mara mchapuko, na mchapuko, yaani kiasi cha kubadilika kwa mwendokasi kila sekunde, hupimwa kwa meta kwa sekunde mraba; hivyo nyutoni moja ni kg·m/s². Kazi ni kani mara umbali, kwa hiyo jouli ni kg·m²/s². Ukigawanya tena kwa sekunde unapata wati, yaani kg·m²/s³.

Kisha peleka vizio hivyo ndani ya kanuni unayoitilia shaka. Chukua pendulumu, yaani jiwe dogo lililofungwa kwenye uzi na kuachwa libembee, na tuseme umesahau kama chini ya alama ya kipeuo huandikwa l/g au g/l, ambapo l ni urefu wa uzi na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Meta ukizigawanya kwa m/s², meta hukatana na kubaki s², ambayo kipeuo chake cha pili ni sekunde, na muda wa mbembeo mmoja ndio tunaoutafuta. Ukiigeuza, unapata 1/s, jambo lisilowezekana kwa muda. Kanuni sahihi basi ni T = 2π√(l/g), ambapo T ni muda huo wa mbembeo mmoja.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha kwamba namba unazoingiza zimo katika vizio hivyohivyo. Uzi wa sentimita 25 uandikwe meta 0.25, nawe utapata muda wa karibu sekunde 1. Ukiingiza 25 kama ilivyo, jibu litakuwa karibu sekunde 10, na jiwe la uzi mfupi kiasi hicho halibembei polepole namna hiyo. Wataalamu nao huteleza hapa: chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kwa kuwa programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vizio vya ratili, ilhali nyingine ilizisoma kama nyutoni-sekunde.

Njia hii ina mipaka yake. Haitofautishi momenti ya kani, yaani uwezo wa kani kuzungusha kitu, na nishati, kwani zote mbili huvunjika kuwa kg·m²/s². Ndiyo maana momenti huandikwa kwa nyutoni-meta na nishati kwa jouli. Vilevile haiwezi kukuambia kama 2π ipo au haipo, kwa sababu namba tupu haina kizio. Ukiwa na shaka juu ya namba ya aina hiyo, pima: liachie jiwe kwa pembe ndogo, hesabu mibembeo kumi ya kwenda na kurudi kwa saa yenye sekunde, gawanya muda huo kwa kumi, kisha linganisha na jibu la kanuni yako.