Jinsi ya kufundisha habari ya seli mpya za ubongo kwa kiriba cha mkorosho

Nafundisha tuisheni ya baiolojia hapa Mtwara, na kila mwaka hakosi mtoto wa kuniambia mwalimu mimi kichwa kizito, nimerithi. Inaniuma, maana anadhani jeni, yale maagizo ya kurithi yaliyomo ndani ya seli, ni hukumu. Kwa hiyo nawafundisha hivi, na wewe unaweza.

Anza na ndoo ya maji. Mwaga korosho za mbegu zikiwa na ganda lake, zinazoelea toa, zilizozama ndo za kupanda kwenye viriba. Watoto wa huku hilo wanalijua toka nyumbani, watakuona unawachelewesha, usijali. Mwagilieni mpaka miche iwe na majani ya kutosha. Siku ya somo chana kiriba kimoja, osha udongo taratibu, kata jani moja na kipande cha mzizi, viweke mezani, afu uliza: jeni za hivi viwili ni tofauti? Karibu wote watasema ndiyo. Jibu ni hapana, ni jeni zilezile, ila jani linasoma nyingine na mzizi unasoma nyingine. Hapa usikimbie, kaa hata kipindi kizima, maana asiyeelewa kwamba jeni huwashwa na kuzimwa huko mbele utamwacha.

Sasa chora ubongo, onyesha hipokampasi, moja kila upande, panapohusika sana na kumbukumbu. Humo ndani kuna seli shina, yaani seli ambazo bado zinaweza kugawanyika na kuzaa seli za aina nyingine. Jeni inayoitwa Sox2 inaifanya seli ibaki shina, isiharakishe kukua, kama mbegu iliyotunzwa stoo. Sox2 ikipungua na NeuroD1 ikawashwa, seli inashika njia ya kuwa nyuroni, ile seli ya ubongo inayopeleka taarifa. Nyingi hazifiki, zinakufa wiki za mwanzo, na jeni ya Bax ni mojawapo ya zinazosimamia kifo hicho. Wanasayansi waliiondoa Bax kwenye seli hizo za panya, nyuroni mpya zikapona nyingi zaidi, na panya wakawa wazuri kutofautisha sehemu mbili zinazofanana. Waambie wazi kwamba ni panya, usiwaache waondoke wakidhani ni watu.

Ndo hapo yule wa kichwa kizito atakuuliza, je, kurithi hakuna? Kupo, usimfiche. Panya wa koo tofauti, chakula kimoja na banda la aina moja, wanatofautiana idadi ya nyuroni mpya. Lakini mwaka 1999 maabara ya Fred Gage kule California ilionyesha panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia walipata nyingi kuliko wenzao wasio nalo. Jeni ziko vilevile, kilichobadilika ni zinavyosomwa, na mbio zinaongeza protini inaitwa BDNF ambayo kwa seli changa ni kama mbolea.

Kwa binadamu sema ukweli wote, mabishano yapo. Mwaka 1998 Gage na wenzake wa Sweden walikuta dalili za nyuroni mpya kwenye ubongo wa wagonjwa wa saratani waliofariki. Ila mwaka 2018 timu ya California ikasema kwa watu wazima haikuziona, na mwezi haujapita vizuri timu ya New York ikasema imeziona hadi kwa mtu wa miaka 79. Ubongo wa maiti unaharibika haraka, na namna ulivyohifadhiwa inaweza kuficha alama za seli changa. Mimi naona mtoto akiwasikia wakubwa wanabishana kwa vipimo anaipenda sayansi zaidi kuliko akipewa jibu la kukariri.

Mwisho gawa viriba vilivyobaki, kila mmoja aandike kwa makapeni jina la jeni moja na aeleze mbele ya wenzake inawasha nini au inazuia nini. Akikwama mwache akae na kiriba chake, kesho aanze yeye. Miche wabebe nyumbani, mvua za Desemba zikianza waipande.